Kinundu Kilichoteleza Chini ya Kidole

Kama unasoma haya huku umejifunga skafu shingoni mchana wa jua kali, na hutaki mtu akuulize kwa nini, basi nakuandikia wewe. Mimi pia nilikuwa na skafu. Ilikuwa ya kijani, nzito, na nilikuwa nikiwaambia watu eti kifua kinanisumbua. Sitakueleza mambo ya kitaalamu kwa sababu siyajui, na hata nilipoelezwa nilikuwa sisikii. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Mama Kendi wa Kanyakine, mkulima wa maharagwe, mwanamke mwenye mdomo mkali kama anavyosema mama mkwe wangu, naye si muongo.

Kwanza ujue kazi yetu, maana makosa yangu yalitoka huko. Tuna kikundi cha akina mama hapa kijijini. Maharagwe yakianza kutoa maua tunakutana katika shamba la mmoja wetu, tunang'oa mche mmoja taratibu ili mizizi isikatike, tunausuuza kwenye ndoo na kuuangalia. Mizizini kuna vinundu vidogo vya mviringo, vingine kama kichwa cha kiberiti, vingine vikubwa kidogo. Asiyejua hudhani ni ugonjwa. Sisi hufurahi, kwa sababu vinundu hivyo ndivyo vinavyolisha maharagwe. Unakipasua kimoja kwa ukucha, na kikiwa chekundu ndani kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kimekufa. Kuna pia uvimbe mwingine, ule unaoletwa na minyoo ya udongo, na huo ni balaa. Kuutofautisha ni kazi ya kidole tu. Kinundu kizuri ukikisukuma kinateleza na kubanduka. Ule wa minyoo haubanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe umefura. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu hayo, na nilikuwa nayafundisha kwa maringo.

Sasa msimu mmoja wa mvua za Machi, nikioga, nikagusa kitu juu kidogo ya mfupa wa bega, upande wa kulia. Kilikuwa kama punje ya yale maharagwe makubwa ya nyayo imeingia chini ya ngozi. Nikakibonyeza. Hakikuuma. Nikakisukuma kwa kidole. Kikateleza huku, kikateleza kule. Nikavaa nguo zangu nikaenda shambani.

Wiki hiyo tulikuwa kwa Mama Mwiti, rafiki yangu wa siku nyingi. Nikiwa nimeinama kusuuza mizizi, akakiona.

"Woi, Mama Kendi, hiyo ni nini?"

"Ni kitu tu kimetokea."

"Hebu nishike." Akaja na vidole vyake vyenye udongo, akakishika. "Inauma?"

"Haiumi."

"Inateleza!" Akawaita wengine. Wakaja mmoja mmoja wakanishika shingo, kila mmoja akikisukuma kile kinundu vile nilivyowafundisha kusukuma cha mzizi. Mama Mwiti ndiye aliyetoa hukumu. "Hii si mbaya. Ile mbaya hushika. Si wewe mwenyewe hutuambia?"

"Tupasue tuone kama ni nyekundu ndani," mmoja akasema, na tukacheka mpaka Mama Mwiti akatuambia tunamkanyagia mimea.

Nilicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani kabisa, na ile amani ikanilaza msimu mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mwili wa mtu hausomwi kama mzizi wa maharagwe.

Tulipovuna, vilikuwa vimeshaongezeka. Kimoja kikawa na mwenzake, kisha wakawa mstari, kisha kingine kikatokea kwapani. Nilianza kujikuna usiku na mchana bila upele wowote. Shuka likawa linalowa jasho nalikamua asubuhi kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Gauni langu la kanisani likawa linaning'inia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja na ambaye hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, aliniangalia siku moja nikitoka kanisani, akasema, "Huyo anayevaa hiyo nguo ni nani?" Nilidhani ananichokoza. Baadaye nikaona machozi machoni mwake.

Mume wangu, Baba Kendi, huchimba maramu kule chini kwenye barabara ya Mitunguu, ule udongo mwekundu wa vijiwe unaomwagwa barabarani. Ni mtu wa maneno machache. Akisema kitu, ujue amekibeba siku nyingi.

"Mama Kendi, hii kitu imekuwa mingi sasa. Twende hosi."

Kwenye kliniki ya karibu nilipewa vidonge. Nilivimaliza na hakuna kilichopungua. Nikatumwa kwenye hospitali kubwa, na huko ndiko nilijifunza kungoja. Unangoja kuandikwa, unangoja kupimwa damu, unangoja mtu ambaye ameenda chai. Unajua kila ufa ulioko ukutani. Mwishowe nikapelekwa mezani, nikachomwa ganzi, na daktari mmoja kijana akanikata shingoni na kutoa kimoja ili kipelekwe maabara.

Nilikuwa macho. Nilimuuliza, "Daktari, ndani ni rangi gani?"

Akasimamisha mikono. "Sijakuelewa, mama."

"Hiyo umetoa. Ni nyekundu ama ni nyeupe?"

Nafikiri aliona ni swali la mtu mwenye hofu, akataka kunipa jibu ili nitulie. Akaangalia vizuri. "Ni nyeupe hivi. Kama nyama ya samaki."

Nilianza kulia palepale mezani. Yeye akadhani ganzi imeisha, akaniongeza. Siku ya majibu Baba Kendi alikaa kando yangu ameshika kofia yake, na tukaambiwa ni saratani ya tezi za limfu, kwamba imeenea kiasi, kwamba inatibika. Baba Kendi anasema neno hilo la mwisho lilirudiwa mara kadhaa. Mimi sikulisikia hata mara moja. Nilikuwa nikimwona mtoto wangu wa mwisho akiachwa bila mama, yaani Mwenda wangu, ambaye hata kufunga viatu alikuwa bado hajui. Niliogopa kufa. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu watu wengi walinikataza kulisema. Niliogopa kufa asubuhi na jioni, na niliogopa hata nikiwa nakunywa chai.

Kemo, ile dawa ya saratani, huwekwa kwa dripu, na yangu ilikuwa ya kila baada ya wiki mbili. Moja ya dawa zile ni nyekundu kama juisi ya kuchanganya na maji. Usishtuke ukienda choo ukaona mkojo mwekundu. Mimi nilipiga kelele nikafikiri natokwa damu, na nesi akaja mbio, kisha akanicheka kwa upole. Nesi huyohuyo alikuwa akijaza chupa maji ya moto na kunipa nishike kabla ya kunidunga, kwa maana mishipa yangu ilikuwa imejificha. Sikuwahi kumwuliza jina. Ile chupa ya moto mkononi ilikuwa ndiyo saa nzuri ya siku nzima.

Kwenye benchi la kungojea ndipo nilipokutana na Wawira. Alitoka upande wa Mbeere, muuzaji wa muguka, yale majani ya kutafuna, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Uvimbe wake ulikuwa chini ya taya.

"Mimi nikiuza naweka yangu kwa shavu, natafuna," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa shavu likifura nani atajua? Bwanangu alikuwa ananiambia, wewe, si utoe hiyo kitu mdomoni ukikula? Namwambia, nimetoa! Anasema, muongo wewe."

Nikamweleza habari ya kikundi chetu na vidole vyenye udongo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na watu waliokuwa kwenye foleni wakatugeukia. "Ngai! Wewe ulipimwa na wakulima, mimi nikapimwa na bwanangu. Tuko sawa." Kuanzia hapo akawa ananiwekea nafasi kwenye benchi. Alibeba ndimu zilizokatwa kwenye mfuko wa nailoni, tukawa tunazinyonya dawa ikiingia, kwa sababu kemo hukuachia ladha ya msumari mdomoni. Beba ndimu. Hakuna daktari aliyeniambia hilo.

Nywele zilitoka zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Kope zikafuata, na hakuna anayekuonya kuhusu kope, kwamba vumbi lote la dunia sasa litaingia machoni. Kucha zikawa nyeusi. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilikuwa inanitoa nje kama moshi. Mishipa ya mkono ikakauka ikawa migumu kama kamba.

Jioni moja nilikuwa nimelala, nikahisi kitu cha mviringo chini ya ubavu. Kigumu, kimesimama mahali pamoja. Nilijua mara moja kwamba kingine kimetokea, tena cha aina ile inayoshika. Nikapiga ukelele. Baba Kendi akaja mbio kutoka zizini, akafunua shuka, akaokota kijiwe cha maramu. Kilikuwa kimetoka kwenye mfuko wa suruali yake. Vile vijiwe huwa ndani ya udongo ule, vya mviringo kabisa, na kila siku alikuwa akirudi navyo bila kujua. Alikishika kwenye kiganja akakiangalia muda mrefu. Tangu siku hiyo akawa anavua suruali nje na kuikung'uta kabla ya kuingia nyumbani, hata mvua ikinyesha, na majirani wakimwona. Lakini hakusema neno, na mimi nilitaka neno. Nilikuwa namchukia kwa kule kunyamaza.

Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza. Kendi, binti yangu mkubwa, alikuja likizo fupi kutoka shule ya bweni, akaona kichwa changu, akasema "Mum, habari," kisha akaenda jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa tayari safi. Watu wa kanisa walikuja kuniombea, wakaimba vizuri, na mmoja wao katika maombi yake akasema, "Dada yetu alikuwa mtu wa bidii." Alikuwa! Nilimfungulia macho katikati ya maombi. Naye mama mkwe, adui yangu wa chumvi, ndiye aliyekuwa akikaa kitandani na kikombe cha uji wa wimbi, akininywesha kijiko kimoja kimoja. Nikitapika anafuta, anaanza tena. "Kunywa. Utanitusi ukipona," alikuwa akiniambia.

Kisha siku moja nikafika hospitali na benchi likawa na nafasi, lakini Wawira hayupo. Nikampigia, mteja hapatikani. Nikajiambia simu imezima. Tarehe iliyofuata pia hakuja. Siku hiyo damu yangu ilipopimwa ilikuwa chini, nikaambiwa nirudi nyumbani bila dawa, na nikiwa nje ya lango nikajaribu tena namba yake. Ikaita. Sauti ya msichana ikapokea.

"Naomba Wawira."

"Ni nani?"

"Ni rafiki yake wa hosi. Mama Kendi."

"Mum alikuwa anatuambia kuhusu wewe. Tulimzika Alhamisi."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara na watu wakanipita. Wawira alikuwa mnene kuliko mimi. Alikuwa anakula mandazi dawa ikiingia. Kama huyo ameenda, mimi niliyebaki mifupa nangojea nini? Nilifika nyumbani nikamwambia Baba Kendi kwamba nimeacha. Sirudi tena. Nitafia kitandani kwangu, si kwenye kiti cha plastiki. Alisimama mlangoni akaniangalia, na hakubisha. Nilitaka abishe. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani, tarehe ya kurudi ikafika na ikapita, nami nimelala.

Mvua za Oktoba zikaanza nikiwa hivyo. Kitanda changu kiko karibu na dirisha, na dirisha linaangalia shamba. Nilisikia majembe. Siku kadhaa sikutazama. Kisha asubuhi moja, kwa kuchoka kutazama ukuta, nikainua kichwa. Baba Kendi alikuwa amelima vizuri, mahindi yamechipuka, maharagwe yamechipuka katikati yake. Kila mahali palikuwa pamepandwa mpaka kwenye ua. Isipokuwa kona moja ya chini, kando ya kaburi la baba mkwe. Pale nyasi zilikuwa zimefyekwa tu. Hapakuwa na mche hata mmoja.

Ni kona nzuri, yenye udongo mweusi. Hatujawahi kuiacha. Mama mkwe alipoleta uji nikamuuliza, "Mbona pale chini hapajapandwa?"

Hakuangalia dirishani. "Muulize bwana yako," akasema, akazidi kukoroga uji.

Huku kwetu mtu huzikwa katika shamba lake. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Niliangalia ile kona, nikapima kwa macho, nikaona nafasi inatosha. Mume wangu alikuwa amepita na jembe na mbegu, akafika pale, akafikiria, akaruka. Hakutaka kung'oa mahindi machanga siku ya kuchimba.

Hasira niliyoipata siwezi kukueleza. Ilianzia miguuni. Watu walikuwa wameshanizika, tena kwa mpango mzuri, wamenifyekea na nyasi! Nilitupa blanketi. Nikauchukua ule uji mkononi mwa mama mkwe nikaunywa wote bila kijiko. Kesho yake, kabla Baba Kendi hajachukua sururu lake, nilikuwa nimesimama mlangoni nimevaa, nimeshikilia fremu ili nisianguke.

"Twende hosi."

"Si ulisema umeacha?"

"Nilisema. Sasa nasema twende."

Watu huniuliza ni imani gani iliyonirudisha. Natamani ningekuwa na jibu zuri la kanisani. Nilirudi kwa hasira, na nilimaliza kemo zote zilizobaki kwa hasira. Kila nikitapika nilikuwa nikiona ile kona. Kama wewe huna tumaini leo, usijilazimishe kulitafuta. Angalia kama una hasira, nayo inatosha kukufikisha kituo cha magari.

Nilimaliza baada ya Krismasi, wakati wa jua na vumbi. Nikapigwa skani, nikangoja majibu kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote. Daktari yuleyule kijana aliangalia karatasi, akatabasamu. "Hatuoni kitu, mama. Utakuwa unakuja tukuangalie, lakini kwa sasa hatuoni kitu." Nilimwambia arudie. Akarudia. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda kwenye choo cha hospitali, nikamlilia Wawira mpaka mtu akagonga mlango.

Sitakudanganya kwamba nimepona hofu. Nikioga, vidole vyangu huenda shingoni vyenyewe, nami huviacha viende. Nywele zimerudi, zingine nyeupe. Kikundi chetu bado kinang'oa mizizi, ila sasa mtu akiwa na uvimbe hakuna anayemshika. Mama Mwiti ndiye humpeleka hospitali mwenyewe, amemshika mkono, hata akikataa.

Mvua za Machi zilipokaribia nilinunua miche ya makadamia. Nikamwita Baba Kendi, tukashuka shambani. Nikamwonyesha ile kona.

"Chimba hapa."

Akasimama na sururu. "Hapa tuache."

"Kwa nini tuache? Mimi siendi. Au wewe bado unaningojea?"

Alikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira mpya, nilikuwa nimeiweka tangu Oktoba. Akasema bila kuniangalia, "Kama uliipima kutoka dirishani, hukupima vizuri. Hiyo nafasi si ya mtu mmoja."

"Unamaanisha nini?"

"Niliacha ya wawili. Niliona ukienda sitakaa sana."

Mtu huyu ambaye sikupata neno lake mwaka mzima. Nilisimama juu yake na sikujua nimpige au nimshike. "Na watoto je?" nikamuuliza. "Mwenda angefungwa viatu na nani?"

"Sikuwa nimefika hapo," akasema, na akaanza kulia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata babake alipokufa.

Nilikaa kando yake mpaka akamaliza. Ilichukua muda. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akapima shimo la kwanza kwa macho.

"Lakini makadamia hukawia," akasema. "Itachukua miaka mingi kabla haijazaa."

"Najua," nikamwambia. "Chimba."